Laini Iliyokuwa kwa Jina Langu

Mdogo wangu Erasto,

Miezi saba sasa. Kaburi lako limeshajengewa. Wifi Tumaini alitaka saruji tupu, mafundi wenzako wa kiwandani wakataka msalaba wa mbao, wakauchonga wenyewe, kwa hiyo vyote viwili vipo na havijapatana. Ungesimama pale ukacheka.

Malori ya mbao yanapita Mafinga kama zamani. Fredi, mwenzako wa msumeno, hajarudi. Mke wake bado anakwenda kituoni kila Jumatatu, anaambiwa jina hilo halimo kwenye daftari. Grupu la kata lipo, hakuna aliyejiondoa, maana hata kujiondoa kunaonekana. Wanatumiana picha za maua na mistari ya Biblia. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ibada ya jumuiya kwa mama mmoja, jirani yenu. Kabla hatujaanza alipita na beseni akikusanya simu, akazipeleka jikoni, akazifunika na kanga. Mzee Mgeni akamwambia, "Yangu ya tochi unaipeleka wapi? Hii hata nikipigiwa haisikii, itanisikia mimi?" Tulicheka kidogo. Kisha tukamtaja Fredi kwa sauti za chini, watu wazima sita, mchana, ndani ya nyumba ya mwenzetu.

Erasto, kuna jambo sijakuambia. Nivumilie nilipange, unajua siwezi kueleza kitu bila kuanzia mwanzo.

Unakumbuka siku ya kusajili laini. Tangazo lilikuwa limetoka kwamba laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole itafungwa, na mimi nilikuwa nimekuja kwenu kwa likizo. Wakala alikuwa amekaa chini ya mwavuli karibu na soko. Alikufuta kidole gumba kwa kitambaa, akakupaka mafuta, akakujaribu cha shahada, akarudi kwenye gumba. Mashine ikakataa. Miaka ishirini ya msasa na utomvu ilikuwa imekula kila kitu. Hata kitambulisho chako cha taifa kilikuwa kimekwama kwa sababu hiyohiyo.

Wakala akasema, "Kaka, wewe huna alama."

Ukamjibu, "Ninazo. Ziko Dar es Salaam, kwenye milango ya watu."

Kisha ukanigeukia. "Dada Mwalimu, weka chako basi. Wewe vidole vyako vimeshika chaki tu." Nikaweka. Watu wengi walisajiliana hivyo, mtoto kwa mama, jirani kwa jirani, na hatukuona ubaya. Tangu siku hiyo namba uliyoitumia wewe ilikuwa ya kwangu.

Walipomchukua Fredi pale barabarani, watu wanne na gari lisilo na maandishi, wewe ulirekodi sauti ukaiweka kwenye grupu. Nimeisikiliza mara nyingi. Husemi neno baya juu ya mtu yeyote. Unataja saa, rangi ya gari, namba zake, nguo alizovaa Fredi, halafu unasema, "Aliyeona zaidi aseme, mtu si mbao mpaka apotee bila mwenyewe kuulizia." Ndani ya siku mbili sauti hiyo ilikuwa imefika Mbeya, imefika Njombe. Mimi niliipokea kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Mbalizi, hajui hata kama ni mdogo wangu anayeongea.

Siku ya nne walikuja kwangu Iringa. Hili ndilo ninalotaka ulisikie kutoka kwangu.

Walikuwa wawili, vijana wenye adabu, wakaniamkia. Nikawakaribisha chai. Mmoja akatoa karatasi, na juu yake kulikuwa na picha yangu, ile ya kitambulisho, namba yangu, kijiji nilichozaliwa, halafu orodha ndefu ya simu zilizopigwa na minara iliyozipitisha. Kampuni ya simu inayatunza hayo yote kwa kila laini, na ina wajibu wa kutompa mtu bila utaratibu wa sheria. Waliyapataje, sijui. Sikuona amri ya mahakama. Lakini pia sikuiuliza. Miaka thelathini na moja nimefundisha uraia. Ibara ya kumi na nane ya Katiba naijua kama ninavyoijua sala ya Bwana, kwamba mtu ana uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Nimewasimamisha watoto wa watu darasani kwa kuisahau. Siku ile ilikuwa haiko kichwani mwangu kabisa.

Yule mmoja akauliza kwa upole, "Mama, hii sauti si yako. Laini anaitumia nani?"

Nikasema, "Ni ya mdogo wangu Erasto. Anafanya kazi kiwanda cha mbao Mafinga."

Nilisema nikiwa bado nimeshika birika. Hawakunitisha, hawakupandisha sauti. Nilikuwa nimewamiminia vikombe viwili, na nakumbuka niliwaza kwamba wakipata jibu wataondoka haraka. Waliondoka haraka.

Nimefikiri sana tangu hapo, Erasto, na jambo linaloniumiza ni hili. Kwenye kompyuta zao wewe hukuwemo. Mitambo yote ile ilikuwa inanijua mimi, bibi mstaafu wa Iringa. Mnara uliwaambia simu iko Mafinga, lakini Mafinga ina watu wangapi? Kwenye grupu ulijiita Fundi, na mafundi pale wamejaa. Labda mtu mwingine angekutaja. Labda wangekufikia baada ya wiki, nawe ungekuwa umekwenda kwa wajomba Njombe. Sijui. Najua tu kwamba waliokuwa na kila kitu walikosa kitu kimoja, wakaja kukiomba kwangu, nikawapa.

Walikuchukua, wakakaa nawe siku kumi na moja. Uliporudi ulikuwa unakojoa damu na kuuficha mkono wa kushoto ndani ya koti. Tulikupeleka Mbeya, wewe umelala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, na Tumaini mbele na dereva. Baada ya Makambako ulifumbua macho ukaniuliza, "Walikusumbua, dada?"

Nikakwambia, "Hapana. Walikuwa na adabu."

Ukasema, "Basi afadhali."

Hukusema kitu kingine juu ya hilo mpaka mwisho. Ulijua? Laini ilikuwa yangu, lazima ulijua walipita kwangu kwanza. Nilikuwa na siku tatu hospitalini za kukuambia, na kila siku nilisema nitasubiri upate nafuu.

Msibani watu waliuliza wamekupataje. Mtu akasema setelaiti. Mwingine akasema siku hizi simu inakusikiliza hata ukiwa umeizima. Nami, mwalimu, niliyekaa pale kwenye jamvi, nikasema, "Ni kampuni, imetoa taarifa zake." Ilikuwa kweli, lakini nilikuwa nimeikata mahali panaponifaa. Wote waliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo Mafinga nzima inaamini mtambo ulikutafuta wenyewe ukakukuta, na ndiyo maana wanaficha simu kwenye beseni. Sisemi waache. Lakini mimi sikuwa simu, na hakuna aliyenifunika na kanga.

Sasa Tumaini amepata wakili wa Mbeya, mwanamke kijana anayeongea taratibu. Wanataka kuipeleka kampuni mahakamani kwa kutoa taarifa bila amri. Mwenye laini ni mimi, kwa hiyo kiapo ni changu. Wiki mbili zilizopita alinisomea rasimu. Aya ya tisa inasema kwamba kutokana na taarifa za kampuni, marehemu alitambuliwa na kukamatwa. Nikamwambia si hivyo. Nikamweleza habari za chai. Aligeuza kalamu, kisha akasema, "Mama, aya hii naweza kuiandika tukaishia pale walipopata jina lako. Hakuna atakayeuliza zaidi." Nikamuuliza kama kuiandika yote kutaiua kesi. Akasema hapana, kosa la kampuni linabaki kosa. Litakaloharibika ni nyumbani.

Nikamwambia aandike yote.

Jumanne nilikwenda Mafinga. Nilimkuta Tumaini uani anachambua maharage. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia, kuanzia hodi yao mpaka walipofunga mlango. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza, "Walikunywa hiyo chai?"

Nikasema walikunywa.

"Na wewe msibani ukakaa na mimi siku tatu, ukanishika mkono."

"Ndiyo, wifi."

"Usiniite wifi leo."

Akabeba ungo, akaingia ndani. Nilikaa kidogo, kisha nikatoka, na nikasimama barabarani zaidi ya saa nzima, maana mabasi yote yalikuja yamejaa. Leo asubuhi nimepata ujumbe wake. Hauna salamu. "Keshokutwa saa moja asubuhi stendi ya Mafinga. Uje na kitambulisho."

Kesho, basi, nitasafiri, ili keshokutwa saa moja niwe pale, twende Mbeya kwa wakili nikaape. Akitaka kukaa kiti cha mbele nami nikae nyuma, nitakaa nyuma. Sitamwomba anisamehe ndani ya basi mbele ya watu, wala sitakutumia wewe kumlainisha kwa kumwambia ulisema "basi afadhali." Neno hilo ulinipa mimi, na sijui hata kama nililistahili.

Ninachokuahidi ni hiki. Siku ya kesi, hakimu akisema kiapo kimeshasomwa na hakuna haja ya kukirudia, nitaomba aya ya tisa niisome mwenyewe, kwa sauti ile niliyokuwa naitumia darasani, mpaka aliyekaa benchi la nyuma asikie ni nani aliyetaja jina lako. Kisha nitamtaja Fredi, kwa saa, rangi ya gari na namba zake, kama ulivyoyataja wewe.

Pumzika, baba. Mimi ndiye sasa ninayeulizia.

Dada yako,
Mwalimu