Kikapu Kimoja, Anwani Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Duka letu la mtandaoni nimelijenga mimi, kwa mikono yangu na elimu yangu ya darasa la sita.

Uongo. Amelijenga Apiyo, binti yangu. Mimi nilishika shuka jeupe nyuma ya vikapu akipiga picha. Lakini neno la siri ninalo, maana mimi ndiye ninayejibu wateja. Kwa hivyo ni kama nimejenga.

Tunauza vikapu vya magugu maji. Mimi natoa mashina ziwani na kuyaanika, Mama Apiyo anasuka. Leo nimeanika mafungu matatu, na kwa hayo Mama Apiyo ameahidi kunikazia kamba za stuli yangu. Mgongo umelalamika, nimeunyamazisha kwa chai.

Kile kikapu chake kikubwa cha mfuniko, wiki ya tatu sasa hakuna anayekiagiza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bado. Mama Apiyo ameniuliza mara mbili kama kuna oda. Mara ya pili hakuniangalia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama Apiyo amefunga kazi. Amekusanya mkasi, sindano na kamba, akavitia ndani ya kikapu chenyewe, akafunika. Anasema vidole vimezeeka na watu wameona. Vidole vimevimba, ni kweli, lakini kikapu ni kilekile.

Nikamwambia hata mimi nimezeeka na hajanirudisha dukani. Hakucheka. Miaka arobaini anacheka utani wangu, hata ule mbaya. Nimeogopa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Apiyo amekuja kutoka Mamboleo. Amekitafuta kikapu kwenye simu yake, kama mteja yeyote. Kikatokea: Kikapu cha Katito. Picha ya giza, kidole changu cha mguu pembeni. Chini yake imeandikwa kimekwisha.

"Baba, huu ukurasa umetoka wapi?"

Nikasema pengine ni wezi wa mitandao.

"Wezi wenye kidole hiki?"

Nimekiri. Niliuza masokoni miaka mingi. Huko mali ileile unaipeleka Katito siku ya soko, kesho Mamboleo, kesho kutwa Manyatta. Meza tatu, wateja mara tatu. Basi nilipoona kitufe cha kunakili, nikaunakili ukurasa wa kikapu mara tatu, kila nakala na jina la soko lake na picha niliyopiga mwenyewe. Sehemu ya idadi ya vikapu sikujaza. Nilidhani itajisomea kwa jirani.

Apiyo anasema yule mtafutaji wa mtandaoni, mtambo unaoleta majibu ukiandika neno, hatembei sokoni. Akikuta kurasa nne zenye maneno yaleyale, anachagua moja ya kuonyesha, zingine anaziweka kando. Amechagua Katito. Watu wanafika, wanaona kimekwisha, wanaenda zao.

Kwa hivyo vidole vya Mama Apiyo havina kosa. Vyenye kosa ni vyangu. Sijamwambia. Mzee mzima, mwoga.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Baada ya kula nimemwambia yote. Alikuwa anaosha sufuria. Akaendelea kuiosha hiyohiyo, muda mrefu.

Kisha akasema, "Mzee, umenifanya niitukane mikono yangu."

Nikachukua kitambaa nikakausha sahani. Nimevunja moja.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Apiyo amerekebisha, mimi nimekaa pembeni kama mshtakiwa. Nilitaka afute zote tuanze upya. Amekataa. Ukurasa wa kwanza ndio watu wameuzoea, na ndio mama yake aliouandikia maneno, jinsi anavyofunga ukingo usifumuke. Huo ndio umebaki. Ukifungua zile za masoko yangu, unapelekwa kwenye huo moja kwa moja.

Kumbe hata kila rangi na kila ukubwa wa kikapu una ukurasa wenye anwani yake. Hizo ameziacha, mteja anazihitaji, ila ndani ya kila moja ametia mstari usioonekana unaomwambia mtafutaji ukurasa mkuu ni ule. Nikasema tumfungie hizo asizione kabisa.

"Baba, ukimfungia mlango, kibao kilichoko ndani atakisomaje?"

Ningekuwa na mwalimu kama huyu, ningefika darasa la saba.

Sasa ni kungoja mtafutaji apite tena. Hana simu ya kumpigia. Nilitaka kuapa sitagusa tena kitufe cha kunakili, lakini Apiyo amebadilisha neno la siri. Kiapo kimenipita.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimetafuta asubuhi. Bado Katito.

Kikapu kiko kwenye kona, kimefunikwa. Kila asubuhi Mama Apiyo analoweka vidole kwenye maji moto yenye chumvi. Maji nachemsha mimi. Hatuongei sana. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia atauliza nimevunja nini tena.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Umetokea ukurasa wetu. Ule wa kwanza, picha safi, maneno yake yote. Katito haipo.

Mchana ikaja oda. Mama mmoja wa Eldoret anataka kikapu kikubwa cha mfuniko, na ameuliza kama aliyeandika habari za ukingo ndiye atakayekisuka. Nimemsomea Mama Apiyo. Nikatoka kugeuza mashina juani. Nikasikia mkasi.

Sasa yuko mlangoni, anasuka polepole, anapumzisha vidole, anasuka. Mimi niko kwenye stuli yangu, kamba zimelegea, makalio yanakaribia sakafu.

Mama Apiyo, najua unalisoma daftari hili nikienda ziwani. Ukimaliza kikapu cha watu, nikazie kamba za stuli. Uliahidi, nikileta mafungu matatu. Nilileta.