Alama za Sindano kwenye Paja Lako

Dada Saada,

Nimeandika "Assalamu alaikum" kwa mazoea, kisha nikashtuka kwamba nakuandikia wewe, uliye kaburini. Bado sijaamini. Jana nilipita Ndia Kuu nikaona mwanamke kavaa buibui linalolegea upande mmoja kama lako, nikaita jina lako kwa sauti. Akageuka mtu mwengine. Nilisimama mbele ya duka la vinyago kama niliyepigwa kofi.

Walisema ni moyo. Umeanguka jikoni kwenu Kuze, umefunga Ramadhani, magharibi inakaribia, sambusa ziko kwenye mafuta. Haya, nikasema, ni moyo. Kisha nikaitwa kushika kata ya maji ukioshwa, maana mama yako hakuweza, na mimi msaidizi wako wa utafiti nimekuwa kama mdogo wako. Mwoshaji akainua shuka kidogo apitishe mkono. Ndipo nikaona paja. Alama za sindano, dada! Za zamani na za juzi, nyengine zimefanya vinundu. Kata ikaniponyoka.

Mwoshaji anaijua kazi yake, aliyoyaona pale hayatoki pale. Lakini binamu yako naye alikuwemo, na binamu yako wamjua. Matanga hayajaisha, tayari mtaani Bondeni yasemwa kwamba Saada naye akijidunga unga wa kulevya, ndiyo maana akiwapenda mateja, hao walevi wenzake. Sikujua nishike lipi, la moyo au la unga.

Na kazi yako yenyewe, watu waliishangaa tangu mwanzo. Unga ulipojaa mitaani miaka hii ya tisini, wasomi wenzako walitaka kila mgonjwa awe kando, wa sukari kwao, wanaoacha unga kwao. Wewe, mwanasaikolojia mzima, ukawakalisha mkeka mmoja kila Alhamisi. Ukanambia, "Hawa wote wana ugonjwa usioisha. Wote huamka asubuhi wakaanza upya. Nataka nijue wanafundishana nini." Mwanzo Bi Rukia, wa sukari, akiukumbatia mkoba wake Athumani, aliyekuwa akiacha unga, asije akaukwapua. Mwisho Athumani huyo huyo ndiye akimuuliza kama amekunywa vidonge vyake vya sukari. Ukacheka, ukanambia niandike yote, na mkoba niuandike. Sharti lako lilikuwa moja tu: anayekaa mkekani ataje ugonjwa wake kwa jina.

Alhamisi ya kwanza baada ya kukuzika, Athumani hakuja. Nilimkuta Bondeni na wale wenzake wa zamani. Hajavuta bado, lakini macho hayatoki kwenye mkono wa mwenzake. Akanambia, "Kama yeye na elimu yake yote hakuweza kuacha, mimi n'nani?" Nikaenda mbio kwa mama yako, nikamuuliza waziwazi, adabu nimeiacha mlangoni.

"Unga? Unga gani! Mwanangu ana sukari tangu yuasoma." Akafungua friji. Chupa zako za insulini zimepangwa nyuma ya achari. Yeye ndiye aliyekukataza kusema, ulipokuwa msichana, kwa kuogopa kwamba hutaposwa. Umeposwa, umeolewa, umeachwa, mvi zimeingia, na bado hukusema. Mwaka huu alikuomba usifunge. Ukamjibu kwamba wageni wa futari watauliza.

Sukari! Wewe! Wewe uliyemwambia Bi Rukia mbele yetu sote, "Daktari amekukataza kufunga, basi kula mchana wala usimuonee mtu haya." Kumbe si moyo, wewe ukifunga na sindano yako pajani hadi sukari ikakushuka! Nimekasirika, dada. Nimekasirika mpaka nikapiga meza ngumi mbele ya mama yako. Ulikaa nasi mkekani miaka yote ile, ukatusikiliza mmoja mmoja, na la kwako ukalimeza.

Mama hakuwa amesikia yanayosemwa. Nilipomwambia, alishika pembe ya leso yake, akasema, "Kaseme." Nikauliza, kweli, mama? "Kaseme, mwanangu, hata usikae."

Nikarudi Bondeni, nikamwambia Athumani pale pale, wenzake wakisikia. Nilidhani atashukuru. Alinitazama kama niliyemtukana. "Sisi alitufanya tuseme," akasema, akanipa mgongo. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, maana niliona nimeitoa siri yako na yeye pia nimempoteza.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tumeshaanza alipoingia, viatu mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Hakusalimu. Akasema, "Sikuja kumuombea. Nimekuja kumkasirikia hapa, maana nikimkasirikia kule nje, nitavuta." Bi Rukia akajisogeza, akampa nafasi.

Basi tulikukasirikia, dada, sote, mpaka adhana ya alasiri. Bi Rukia ndiye aliyekusema zaidi, na ndiye aliyelia zaidi. Kisha tukakusomea Fatiha.

Mungu akulaze pema, akusamehe, na atusamehe tuliokuacha ubebe peke yako. Kikao sitakifunga, utafiti nitaumaliza. Mtu akiniuliza Saada alikufa na nini, nitamwambia sukari. Na mimi nikiugua, nitasema. Wallahi nitasema.

Mdogo wako,
Mwanaisha