Usiuogope Uso Wangu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na wapwa zangu mkiwa salama. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na binti yetu amepoteza meno ya mbele, ila maneno hayajapungua. Najua simu ipo, lakini kwenye simu hukawii kunikatiza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Mimi naendelea vizuri. Tumbo limetulia, damu imekoma, na nashinda saluni kutwa nzima bila kumwacha mteja kanyolewa upande mmoja nikikimbilia chooni.

Sitakuficha, dawa zilinitesa. Daktari alipoona utumbo mpana umevimba na kutoka vidonda, aliniandikia vidonge vya steroidi, vya kushusha uvimbe. Tumbo likapoa mapema, ila sehemu nyingine zote za mwili zikaanza vituko. Nilikuwa na njaa ya kufunua sufuria za watu. Usingizi ukanihama. Uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira, na kinyozi hana pa kuukimbia uso wake, vioo viko kila ukuta. Wateja wakaniita Bosi, wakidhani nimetajirika. Nilicheka nao, lakini nyumbani nilikuwa mkali. Siku moja nilimfokea binti yangu kwa kudondosha kijiko tu, akanitazama kama hanijui.

Kilichonitisha zaidi ni mikono. Jirani yetu, mzee mmoja fundi viatu, alikuja kunyolewa ndevu, nikaona wembe unacheza karibu na shingo yake. Nikauweka chini, nikamwambia leo natumia mashine. Akasema, "Mwanangu, hata mimi nimeuona. Nilikuwa naona haya tu kukimbia."

Nikamwambia wifi yako kwamba vidonge vyote navitupa. Hakubishana. Asubuhi alinishika mkono hadi kwa daktari. Daktari naye hakunigombeza. Alisema kuviacha ghafla ni hatari, mwili unaweza kuishiwa nguvu kabisa. Yeye mwenyewe atanipunguzia kidogo kidogo. Akauliza nameza saa ngapi. Nikasema jioni. Akacheka, akaniambia ndiyo maana nakesha, nimeze asubuhi nikishakula. Akaniongezea na dawa nyingine ya kuutuliza ugonjwa kwa muda mrefu. Hiyo ilinitia kichefuchefu mwanzoni, na inabidi nipimwe damu mara kwa mara, lakini sasa tumezoeana. Kadiri vidonge vya kwanza vilivyopungua, usingizi ulirudi, mikono ikatulia, mashavu yakashuka. Hayajashuka yote, nisikudanganye.

Sasa dada, nisikuzungushe. Shemeji alinipigia simu. Alisema unatokwa damu, nguo zinakuvuka, unajifungia chooni na kufungulia bomba ili watoto wasikusikie. Kila akitaja hospitali unamwonyesha ile picha niliyokutumia nikiwa nimevimba, unamwambia, "Nikameze dawa niwe hivi? Bora nibaki na tumbo langu." Usimkasirikie. Alikuwa analia.

Mimi pia sikukukasirikia. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikaona uchungu kwamba uso wangu ndio uliokuzuia kwenda kutibiwa. Sijui kama ugonjwa wako ni huu wangu, wala sijui utapewa dawa gani; hayo watayasema wao baada ya kukupima. Lakini kama ni huu, umeshasikia yote yaliyonipata, mabaya na hata ya kuchekesha, na bado niko hapa nanyoa watu.

Jumatatu nafunga saluni, nakuja huko. Tutaingia kwa daktari pamoja. Yale unayoona haya kuyasema nitayasema mimi, nimeshayasema yangu mara nyingi. Nikifika mlangoni, nitazame vizuri usoni kabla hujanikatalia.

Wakumbatie wapwa zangu kwa niaba yangu, na mwambie shemeji alifanya vyema kunipigia.

Ni mimi mdogo wako,
kinyozi