Pare-feu ya Bureau Yetu

Mji wa Baraka, Jumatano

Bahati kama yangu haiko Fizi yote! Leo Mama Feza, mukubwa wetu wa bureau, ofisi ya kusaidia wakimbizi, aliniuliza mimi fundi wa kompyuta kama basoda, wale askari ba nyumba ya jirani, tunaotumia nao laini moja ya internet, wanaweza kusoma ujumbe wake.

"Mama, tuma tu. Pare-feu yangu, ule ukuta wa ndani ya kompyuta, inachagua nani apite kwenye laini. Hata mbu haingii!"

"We baba, mudomo yako peke inaweza kuwasha jenereta." Akacheka, akatuma mahali mutumbwi utakapochukua wakimbizi wanaokimbia hao basoda, kwenda rasi ya Ubwari.

Juzi nilipowasha ile pare-feu, laini ya basoda ilikatika. Walikuja na bunduki. Nilijiambia nitajifunza kuipanga vizuri, halafu...

Navaa viatu, nimwambie Mama Feza abadilishe mahali pa mutumbwi. Ile bahati niliyoandika juu ni uongo. Pare-feu niliizima mwenyewe siku ile ya bunduki.