Siku Niliyokuambia Sina

Sombetini, Arusha
Jumatatu, 4 Agosti

Dada yangu Naserian,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Oldonyo Sambu, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mgongo wako umetulia. Mimi mzima wa mwili. Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeiogopa simu, dada. Ningesema nusu, nikwame, halafu nisingizie mtandao.

Habari unayoisubiri: viza ya kwenda kuishi ng'ambo na kazi zangu hizihizi za kompyuta imetoka. Naondoka Ijumaa.

Nikueleze ilivyopatikana, maana ukisikia kazi ya kompyuta unadhani nabahatisha tu. Nilikuwa natengeneza programu za kampuni mbili za nje, malipo yanaingia kwenye simu siku yoyote, na siku hiyohiyo nayagawa: ada, dawa, michango ya harusi. Shaista, rafiki yangu wa sekondari anayeshika vitabu vya duka la baba yake, alipoona alicheka hadi akakaa chini. Alisema kwenye karatasi mimi ni mtu asiye na kazi. Akanipangia: mikataba ya maandishi, malipo yapitie benki, tarehe moja kila mwezi, na kipato kifikie kiwango cha ubalozi miezi sita mfululizo. Hakikufika, nikaongeza kampuni ya tatu. Ndiyo sababu hukuniona kanisani mwaka huu.

Hayo alisema Shaista. Moja nilijiongezea mwenyewe: nisiiguse hela ile. Niliamini wakiona imetoka watasema kipato changu hakitoshi.

Mwezi wa tatu ukanipigia kwamba presha ya macho ya Yeyo, mama yetu, imepanda, daktari anataka apasuliwe mapema, ukaniomba milioni moja na nusu. Nikakujibu sina. Huku mjini mtu anasema sina akimaanisha ipo ila ina kazi, na anayeomba anajua, anabembeleza, mwisho inapatikana. Nilitegemea utabembeleza. Wewe ulinipa pole, ukasema Mungu atafungua njia, ukaenda kumtafutia mtamba wako mnunuzi. Ilichukua miezi miwili. Mlipofika hospitali jicho la kulia lilikuwa limeshazima, wakaokoa la kushoto tu.

Siku ile ulipopiga nilikuwa na milioni kumi na moja benki.

Kuna na hili. Ubalozini, yule mama aliyepokea karatasi zangu alipitisha kidole kwenye safu ya fedha zinazoingia, basi. Nikamuuliza kama ningetoa kidogo kwa matibabu ya mzazi ingekuwa tatizo. Akashangaa, akasema wao wanaangalia mtu anapata nini kila mwezi. Akishapata, lazima ale na atunze watu wake. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, mlinzi akanipa pole akidhani nimenyimwa. Nina aibu, dada, na sina wa kumlaumu.

Alhamisi mnakuja kunibariki. Yeyo amenitumia salamu kwamba atanitemea mate ya baraka kichwani kama alivyofanyiwa yeye siku anaolewa, kwa sababu mtoto aliyehangaika bila kitu hadi akafika huko anastahili. Anaamini sikuwa na kitu. Nilikuja Jumamosi iliyopita ili nimwambie. Nikamkuta anapapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa upande wake wa kulia, nikamshikisha, nikaaga.

Hela ya mtamba wako nimeituma leo. Jicho sina cha kulilipia.

Barua nampa Loishiye, dereva wa lori la mboga, ikufikie kesho kutwa. Naomba unisaidie nilichoshindwa: msomee Yeyo yote, usimpunguzie. Akishajua na bado akataka kuja, nitainama mbele yake. Ukishindwa kumsomea, tafadhali usimlete.

Wasalimie shemeji na watoto, na majirani walioniombea.

Ni mimi mdogo wako,
Nashipae