Mama Amehama Jikoni

Morogoro
4 Juni 2006

Dada mpendwa Fortunata,

Shikamoo dada. Natumaini wewe na mama hamjambo na baridi ya huko haijawazidi. Mimi mzima, masomo tu ndiyo yananikimbiza.

Nina habari. Nimechukuliwa kwenye utafiti wa mafua ya ndege. Tunachunguza namna ugonjwa unavyotoka kwa kuku na kuingia kwa watu. Hapa nchini haujaonekana, ila huko nje umeshaua watu, na sisi tunajiandaa. Kila tukizungumzia watu wanaoishi na kuku namkumbuka mama, analala jikoni karibu na mafiga, kuku wamemzunguka, jogoo yuko kwenye mto wake. Wenzangu wanacheka, mimi nakosa usingizi.

Mwambie asilale tena na kuku. Wakianza kufa wengi kwa mpigo, msiwachinje wale wanaozubaa mkala kama tulivyozoea. Wafukieni, mumwite bwana mifugo. Na aliyewashika akipata homa, akae pembeni, mbali na wenzake, asitembeetembee, mpaka wataalamu wafike. Wasomee na majirani.

Mdogo wako,
Wilibrodi


Milanzi, Sumbawanga
25 Juni 2006

Mdogo wangu Wili,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Wewe je, unakula? Maana picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu!

Barua yako imetutangaza. Jumuiya ilipomaliza rozari mama akasimama, akasema, "Mwanangu wa Morogoro ameandika. Mwenyekiti atusomee." Theodory akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani, mama amekaa mbele, kitenge kipya, kichwa juu. Ilipofika pa jogoo kwenye mto watu waliangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi. Lakini pale pa mgonjwa kukaa pembeni hakucheka mtu. Margareth wa nyumba ya pili aliomba parudiwe.

Sasa sikia vituko. Nilimwambia tuwahamishie kuku nje. Akasema nje kuna kicheche, atawamaliza. Basi kahama yeye! Kabeba godoro na blanketi lake, kaenda kulala kile chumba cha mbele chenye sakafu ya saruji, ambacho hata wewe kilikushinda. Jikoni kawaachia kuku na moto wao. Nikamwambia, mama, utaganda. Akasema, "Wili hakusoma bure." Mwandikie wewe, mimi hanisikii.

Dada yako,
Fortunata


Milanzi
16 Julai 2006

Wili mdogo wangu,

Hujambo? Sisi huku si wazima, nisikufiche.

Kuku wamekufa. Walizubaa, shingo zikapinda, wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Margareth alitaka tuchinje waliobaki, mama akakataa katakata, akawafukia kwa mikono yake. Bwana mifugo alikuja akachukua sampuli, zimepelekwa Dar es Salaam. Akasema tusubiri majibu.

Tangu Jumatano mama ana homa, anakohoa, kifua kinambana. Nimemwomba twende hospitali. Hataki. Anasema, "Wili ameandika nikae pembeni mpaka wataalamu wafike. Nikienda kuwaambukiza watu wodini, mwanangu ataonekanaje?" Mlango anaufunga kwa ndani. Uji nauacha kizingitini, nikiondoka ndiyo anafungua.

Majirani hawakanyagi hata uani. Nilimfuata mwenye pikapu, akaniangalia kwa mbali, akasema gari bovu, na asubuhi ile nimeliona limebeba mahindi. Nikaenda dukani kwa Adriano nikupigie, akaninyima simu, eti nisiiguse. Ndiyo maana naandika. Nampa Flavian, yule konda wa basi.

Wili, sema neno moja tu, kwamba atoke aende hospitali. Mimi hanisikilizi. Ukisema wewe atatoka.

Dada yako,
Fortunata


Kilosa
18 Julai 2006

Dada Fortunata,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Niko vijijini tangu mwanzo wa mwezi, tunawapima kuku. Mtandao wa simu huku hakuna kabisa. Barua yako ya Juni niliipata siku ya kuondoka, nimetembea nayo mfukoni.

Nimecheka, dada! Mama kuwahama kuku! Jana niliwasimulia wakubwa wangu wakati wa chakula. Wakampigia makofi, wakasema wangekuwa na akina mama kumi wa namna hiyo, kazi ingekuwa nyepesi. Mwambie hivyo hivyo, kwamba amepigiwa makofi Kilosa. Na aendelee kufuata nilivyoandika.

Mdogo wako,
Wilibrodi


Morogoro
29 Julai 2006

Dada,

Shikamoo. Nimerudi leo, nimekuta barua yako ya tarehe kumi na sita. Nimempigia Adriano, nikamwambia ni mimi, amuite dada. Akasema sawa, akakata, sasa hapokei.

Majibu ya kuku wetu nimeyaulizia, yametoka. Ni mdondo. Mdondo ule ule wa kila kiangazi, dada, na hauui mtu. Mama hana mafua ya ndege. Simama mlangoni umsomee hapa: Mama, ni mimi Wili. Toka. Nenda hospitali leo. Niliandika ukae pembeni, nikasahau kuandika kwamba mgonjwa anatibiwa. Nisamehe mama, toka.

Barua inaondoka na basi la kesho. Mimi napanda Jumanne, nikishapata ruhusa, na karatasi ya majibu ninayo mkononi.

Mdogo wako,
Wilibrodi


Milanzi
31 Julai 2006

Wili,

Barua yako ya Jumamosi imefika leo. Hii yangu Flavian atakupa stendi ya Mbeya, kabla hujapanda gari la huku. Kaa chini kwanza ndipo uisome. Sikutaka uambiwe na watu njiani.

Mama amefariki Alhamisi. Tumemzika Ijumaa.

Ile barua yako ya Kilosa ilifika Jumatatu. Nilimsomea nikiwa nje ya mlango, nikidhani umemwambia atoke. Aliposikia makofi akaniomba niirudie. Nikairudia. Akasema, "Umesikia lakini?" kwa furaha, huku anahema. Nilijua hapo kwamba hatatoka.

Jumatano alikuja Sayi, yule Msukuma wa Kizwite, kuomba mabua ya kulishia ng'ombe. Akanikuta nalia uani. Nikamweleza, wala hakuuliza mara mbili. Akauvunja mlango kwa bega, akamlaza mama kwenye mkokoteni wake, na mkewe Rahel akapanda akampakata kichwa mpaka hospitali. Daktari alisema ni nimonia, baridi imekaa kifuani siku nyingi, tumechelewa. Hakufika jioni ya pili. Sayi alikupigia kwa simu yake, hukupatikana.

Kaburi amechimba yeye na ndugu zake. Theodory aliongoza sala akiwa amesimama barabarani. Waliomgusa mama yetu, Wili, ni wale ambao hawakusikia barua yako ikisomwa.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, nimechoka. Najua ulimpenda na uliandika kwa kumpenda. Lakini sikia. Utakaposhuka usiende kwa Theodory na karatasi yako, usianze kuwafundisha watu. Njoo nyumbani moja kwa moja. Nilipika maharage na ugali wa ulezi, masufuria makubwa yale ya sherehe, nikijua watu watakuja. Hakuna aliyenawa mikono zaidi ya akina Sayi. Chakula kingine nilikimwaga.

Nitapika tena Jumatano, nikusubiri. Msibani kwa mama watu hawakula, Wili. Njoo tule.

Dada yako,
Fortunata