Kishikwambi Hakikuitikia

Mama, shikamoo. Usiitikie kwanza, soma.

Leo nilikuwa shule ya Magamba, huku milimani, ukungu umeingia mpaka darasani. Unajua kazi yangu, kupima kama vishikwambi vinawasaidia watoto kusoma. Nikawasha kimoja, sauti ya mama mtu mzima ikasema, "Hamjambo, watoto?" Darasa zima likasimama. "Hatujambo! Shikamoo, mwalimu!"

Kikanyamaza. Hakuna aliyekaa.

Nikawaambia hicho ni chombo tu. Binti mmoja akanijibu taratibu, "Mbona ametusalimia?"

Wakasubiri kwenye baridi ile, mpaka mwalimu wao akaitikia yeye kwa niaba ya chombo: "Marahaba, wanangu. Kaeni." Ndipo wakakaa, wakasoma. Mama, kipimo cha heshima hiyo sinacho.

Haya, itikia sasa, kwa sauti. Nami nimesimama.

Mwanao, Zuhura